Maji ya Uwanjani Kwako Yanalala Wapi?

Nyanya unayelea wajukuu, shangazi, dada uliyeachiwa mtoto wa mwenzio, sogeeni karibu na redio, maana mazungumzo haya ni yenu pia.

Leo hatutaanza na dawa wala chanjo. Tutaanza na uwanja wa nyumba. Mvua ikinyesha, au ukimaliza kufua na kumwaga maji, simama mlangoni uangalie. Maji yale yanakwenda wapi? Yakishafika huko, yanalala wapi? Mama akiyafuata maji kwa macho kuanzia mlangoni mpaka yanapokwama, atajua mengi juu ya homa na kuhara kwa watoto wake.

Sisi wa Isiolo tumezoea kulia juu ya ukosefu wa maji. Tuna haki. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilitupita mfululizo, mifugo ikafa, watoto wakakonda. Halafu mwisho wa mwaka 2023 mvua za El Niño zikaja kwa fujo, na mwaka 2024 mafuriko yakarudi tena. Ndiyo hali ya nchi kavu. Maji ni machache mno, kisha kwa siku chache ni mengi mno, na katikati yake tunayafungia katika mapipa na matangi kwa sababu mfereji hautoki maji kila siku. Maji hayo yaliyofungiwa ndiyo ninayotaka tuyazungumzie kwanza.

Mbu wa malaria tuliyemzoea hupenda kutaga katika madimbwi ya mvua na kingo za mito. Kwa hiyo mtu wa mjini husema, malaria ni ya mashambani, ni ya msimu wa mvua. Maneno hayo sasa yanataka kuangaliwa upya. Kuna mbu mwingine wa malaria, ambaye wataalamu wanamwita Anopheles stephensi, aliyetoka Asia. Huyu ni mbu wa mjini. Anapenda maji safi ya tangi, pipa, birika na mashimo ya maji ya ujenzi. Hangoji mvua. Mahali pakavu ambapo kila nyumba inahifadhi maji, kwake ni kama ameandaliwa karamu.

Alionekana Djibouti mwaka 2012. Mwaka huo nchi ile ilikuwa na wagonjwa wa malaria 27 tu. Mwaka 2020 walipita 70,000. Mambo mengine yalichangia, lakini mbu huyu yumo. Mwaka 2016 alipatikana Ethiopia, na mwaka 2022, wakati wa kiangazi, malaria ililipuka katika mji wa Dire Dawa, hata wanafunzi wa chuo kikuu katika mabweni yao wakaugua. Dire Dawa ni mji wa nchi kavu, wenye barabara kuu na biashara nyingi, si tofauti sana na huu wetu. Mapema mwaka 2023 ikatangazwa kwamba ameonekana Kenya, katika kaunti ya Marsabit, sehemu za Saku na Laisamis. Marsabit ni jirani yetu. Barabara ya lami inayotoka Moyale inapita Marsabit na Laisamis kisha inaingia hapa. Mbu na mayai yake husafiri pamoja na mizigo yetu. Hatusemi hivyo ili kuwatia hofu. Tunasema ili pipa lako uanze kuliangalia kwa jicho jingine.

Mbu hutaga majini, mayai yanakuwa viluwiluwi, na kwa muda wa kama juma moja au mawili anaruka mbu mzima. Kwa hiyo maji ambayo hayafunikwi wala hayabadilishwi kwa juma zima yanaweza kulea mbu. Fanya hivi. Chagua siku moja ya juma, ile unayoikumbuka kirahisi, iwe ni siku ya pipa. Limwage lililobaki, lisugue kwa ndani kwa brashi au gunia gumu, maana mayai ya baadhi ya mbu hushika kwenye kuta za chombo, kisha lijaze upya. Mdomo wa pipa ufunike kwa kitambaa kisicho na tundu, ukifunge kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Kifuniko kilichopinda hakisaidii, mbu anahitaji mwanya mdogo tu. Tangi kubwa lililo juu lichunguzwe pia, na bomba lake la kutolea maji ya ziada lizibwe kwa wavu. Neti ambayo bado ni nzima isikatwe kwa kazi hiyo. Hiyo kazi yake ni kitandani.

Na kuna sababu nyingine ya kufunika, ambayo haina mbu ndani yake. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama katika karai. Anaweza kuingia kichwa mbele ndani ya pipa fupi na asiweze kujiinua. Ndoo isiachwe na maji chini, hata kwa dakika ya kwenda dukani.

Sasa tuje kwenye maji ambayo hatuyahifadhi, yale tunayoyamwaga na yale yanayotoka kwenye paa. Hapa ndipo uwanja unapoanza kupangwa. Chukua nyumba ndogo yenye paa la mabati la mita 6 kwa mita 4. Mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida tu, inateremsha kutoka kwenye paa hilo kama lita 240. Hiyo ni mitungi 12 ya lita ishirini. Mitungi 12 imeanguka mlangoni kwako bila punda wala mkokoteni, na mara nyingi tunaiacha ichimbe ukuta, ikokote taka za jirani, ipite karibu na choo, kisha isimame barabarani kuwa dimbwi la bodaboda. Kesho yake watoto wanacheza humo. Kesho kutwa wanaharisha.

Maji hayo yapewe mahali pa kulala, na mahali pazuri pa maji kulala ni chini ya udongo, kwenye mizizi ya mti. Wazee wetu wa nchi kavu walilijua jambo hili zamani. Maji yaliyo chini ya mchanga wa laga hayakauki upesi, hayatagwi na mbu, wala punda hayachafui kwa urahisi kama ya juu. Ndiyo maana watu huchimba mchanga wakati mto umekauka. Uwanja wako unaweza kufanywa vivyo hivyo, kwa udogo wake.

Chimba shimo pana, lisiwe refu sana, kama goti la mtu mzima, hatua tano au sita kutoka kwenye ukuta na mbali na choo. Mbali na choo maana yake ni kweli mbali, na upande wa juu wa mteremko, si chini yake. Tengeneza mfereji mdogo kutoka pale maji ya paa yanapoanguka mpaka kwenye shimo. Jaza nusu ya shimo mawe na kokoto, juu yake majani makavu na mbolea ya mbuzi iliyokauka vizuri. Panda mti pembeni ya shimo. Usiupande katikati, maji yataozesha mizizi. Kisha mvua ikinyesha, kipimo chako ni hiki: maji yawe yamezama kabla ya siku ya pili. Mbu anahitaji juma, wewe humpi hata siku mbili. Yakibaki juu, panua shimo au ongeza mawe.

Maji ya kuoshea vyombo na ya kufulia yanaweza kwenda huko huko, mradi yamwagwe chini kwenye udongo na siyo juu ya majani. Maji ya kufulia nepi usiyapeleke kwenye mboga. Hayo yaende chooni. Mpapai hupenda sana shimo la namna hii, na ukitunzwa huweza kuanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja. Papai bivu na majani ya mlonge yana vitamini A ambayo macho ya mtoto yanaihitaji. Mwenye uwanja mdogo kabisa, ploti ya chumba kimoja, anaweza kuweka gunia la udongo lenye sukuma wiki au kunde pale pale anapoogeshea mtoto.

Tumefika kwenye kivuli. Akina mama wengi wanafikiri mti ni pambo, au ni kuni za baadaye. Katika mji kama huu mti ni kifaa cha afya. Bati hupata moto, na nyumba ya bati saa nane mchana ni tanuri. Mtoto mchanga hawezi kusema amechoka na joto. Analia, kisha ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakotia wasiwasi. Kivuli cha mti ni baridi kuliko kivuli cha bati kwa sababu mti hunywa maji kwa mizizi na kuyatoa kidogo kidogo kwa majani kama mvuke, na mvuke ule hupoza hewa. Kwa hiyo maji uliyoyalaza kwenye shimo hayakupotea. Yanapanda juu na kumpepea mtoto wako.

Isiolo tuko karibu sana na Ikweta. Saa sita jua liko kichwani, kuta hazipati moto mwingi wakati huo. Zinapigwa asubuhi upande wa mashariki, na alasiri upande wa magharibi, wakati nyumba tayari imeshachemka. Basi ukiwa na nafasi ya mti mmoja tu, uweke upande linapotua jua. Ukuta utakaopata kivuli saa tisa utakuwa na chumba cha kulala kinachovumilika saa mbili usiku.

Wakati wa joto kali, mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji ya kunywa. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe anywe maji ya kutosha. Ukiona hakojoi kama kawaida, midomo imekauka au utosi umebonyea, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mtaniuliza, je, miti haileti mbu? Swali zuri, na jibu lake lina pande mbili. Mbu hazaliwi kwenye mti, anazaliwa majini. Lakini hupumzika mchana kwenye kichaka kizito chenye ubaridi. Kwa hiyo mti upogolewe chini, kivuli kiwe juu na upepo upite chini yake. Na siyo kila mmea ni rafiki. Wa kwanza kutajwa ni mathenge.

Mathenge tunaufahamu, miiba yake inatoboa tairi. Uliletwa nchini mwaka 1973 huko Bamburi, Mombasa, kufunika ardhi iliyochimbwa mawe ya saruji, na baadaye ukapandwa Baringo kuzuia jangwa. Nia ilikuwa njema. Watu wa Baringo waliishia mahakamani wakiwa na mbuzi asiye na meno, aliyeharibiwa kwa kula maganda yake matamu, na mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa ni gugu hatari. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawajalisikia. Mbu hanywi damu tu. Hula pia sukari ya maua, na mathenge huchanua hata wakati wa kiangazi ambapo mimea mingine imelala. Huko Mali watafiti walikata matawi yenye maua ya mathenge katika baadhi ya vijiji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba mbu wa malaria walipungua kwa zaidi ya nusu. Waliopungua zaidi ni wale majike wazee, ambao ndio wanaoambukiza. Mathenge ulio karibu na nyumba ukatwe chini ya usawa wa udongo, kwani ukiukata juu utachipua kwa hasira. Shina lake ni mkaa mzuri. Na usiache shimo wazi. Panda kitu kingine hapo, la sivyo mbegu zake zitarudi.

Mnyaa ni ua zuri la boma, lakini maziwa yake yakiingia machoni huumiza vibaya. Watoto huukata wakicheza. Ukiwa nao, osha macho ya mtoto kwa maji mengi safi mara moja na umpeleke hospitalini. Mwarobaini ndio mti ninaoupenda kwa mji huu, unavumilia ukame na kivuli chake ni kizito. Lakini kuna jambo la kuonya hapo: mafuta ya mwarobaini asipewe mtoto kunywa, hata tone kwa ajili ya minyoo au homa. Yameshawatia watoto wachanga degedege na kuua. Kaa chini ya mti, na dawa uifuate kwa daktari.

Kabla sijasahau, vichuguu. Kaunti yetu ni moja ya zile zenye ugonjwa wa kala-azar, unaoletwa na inzi wadogo sana wa mchangani wanaojificha ndani ya vichuguu na nyufa za kuta za udongo. Watoto wasikae kwenye kichuguu jioni, na nyufa zizibwe kwa udongo. Homa ya zaidi ya majuma mawili, tumbo kuvimba upande wa kushoto na mtoto kukonda si mambo ya kungojea.

Kupanda si kazi. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili ipande miti, na miche mingi sana ikaingia ardhini siku hiyo. Kazi ni siku inayofuata, mbuzi anapofika. Zungushia mche matawi ya mgunga yenye miiba. Chukua chupa ya plastiki, itoboe tundu dogo chini kwa sindano, ifukie nusu karibu na mzizi, na uijaze maji. Itadondosha polepole, na kifuniko kiwe juu yake, msije mkafuga mbu humo. Afadhali miti miwili iliyo hai kuliko ishirini iliyopigwa picha.

Yako mambo ambayo mama mmoja hawezi. Mtaro wa mtaa ukizibwa na chupa za plastiki mbele ya nyumba ya tano, ya kwanza ndiyo inayofurika. Mashimo yaliyochimbwa murram wakati wa kujenga barabara hujaa maji na kugeuka vidimbwi vya mbu, na watoto huogelea na kuzama humo. China walianza mwaka 2015 kujenga upya miji yao kwa serikali, ili ardhi ya mjini inyonye mvua kama sifongo badala ya kuisukuma kwenye mitaro ya saruji. Sisi hatuna fedha hizo, lakini wazo lenyewe si geni hapa. Waborana wana visima vyao, na kisima kina aba herega, mtu anayesimamia zamu ya kila mmoja ya kunywesha. Hakuna anayeruka zamu. Mtaro wa mtaa unahitaji aba herega wake. Kikundi cha akina mama cha nyumba kumi kinaweza kuchagua mmoja, wakapanga zamu ya kuzibua kila Jumamosi, na taka zitolewe mbali, zisirundikwe ukingoni, maana mvua itazirudisha.

Kwa yale makubwa, nendeni mkutano wa hadhara wa kaunti wakati bajeti inapojadiliwa. Katiba ya mwaka 2010 imewapa nafasi hiyo. Msiende kusema tunataka maendeleo, kila mtu husema hivyo. Taja shimo, taja mtaa, sema watoto wangapi hucheza hapo, omba lifukiwe au lizungushiwe ua, na omba mitaro mipya ielekezwe kwenye miti ya kando ya barabara badala ya kuelekezwa kwenye malango ya watu. Mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wenu aende nanyi. Yeye ana daftari la wagonjwa.

Hayo yote hayaondoi neti. Mtoto na mama mjamzito walale ndani ya neti kila usiku, kiangazi na masika. Na mtoto akipata homa, usikisie. Mpeleke apimwe malaria ndani ya saa ishirini na nne, na mwambie daktari kama mmehifadhi maji nyumbani na kama kuna jirani aliyeugua. Watoto wa nchi kavu hawana kinga kubwa ya malaria kama wa ukanda wa ziwa, na ugonjwa huwazidia upesi.

Wakati wetu umekwisha. Panapo majaliwa, juma lijalo saa kama hii tutazungumza juu ya kumlisha mtoto anayeharisha, tuanze na uji. Kwaherini.